Shingo ya Bibi Harusi wa Nyaishozi

Jumatatu ya wiki ya harusi yake, Kokwijuka aliamka mapema kama ilivyo desturi yake, ila shingo haikuamka naye.

Alitaka kugeuza uso dirishani aone kama kumekucha. Macho yalikwenda, mabega yakafuata, shingo ikabaki pale pale kama nguzo iliyochimbiwa ardhini. Alipoilazimisha, maumivu yalimrukia kisogoni yakapanda hadi utosini, na kinywa chake kikatoa ukelele uliowatawanya kuku uani.

"Mawe, mama yangu, nakufa!"

Mackrine, binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kumsaidia mama maandalizi, aliingia mbio, mwiko mkononi. Alimkuta mama yake ameketi kitandani wima, ameshika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba amejitwika mtungi uliojaa maji.

"Mama, nini?"

"Shingo."

"Imefanyaje?"

"Njoo mbele yangu nikueleze. Huko uliko sikuoni."

Na hapo, katikati ya maumivu yale, Kokwijuka akaanza kucheka. Hakuwa na namna. Tangu mchungaji asome tangazo la tatu la ndoa yake kanisani jana yake, kicheko kilikuwa kimekaa kooni mwake kikifukuta kama pombe ya rubisi inayochachuka. Alikuwa na miaka sitini na nane, mjane wa siku nyingi, bibi wa wajukuu walioanza kuota ndevu, na Jumamosi alikuwa anaolewa. Kila alipolikumbuka jambo hilo lilimtekenya. Lakini kucheka kuliitikisa shingo, nayo shingo ikalipiza papo hapo.

"Usinichekeshe!" alimkaripia Mackrine, ambaye hakuwa amesema lolote.

Bwana harusi alikuwa Rwegoshora, baba yake Novatus, wa Kibingo, upande wa Kyerwa, mgane mrefu mwembamba mwenye sauti ya upole. Alifika Nyaishozi mara ya kwanza akitafuta machipukizi ya migomba, maana ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umemfyekea shamba, na watu wakamwelekeza kwa Kokwijuka ambaye migomba yake ilikuwa safi. Akanunua, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi, akanunua tena. Kisha tena. Shamba likajaa, akaanza kupanda kando ya njia, akapanda nyuma ya choo, mpaka dada yake Costansia, aliyekuwa akiishi naye, akamuuliza kama yanayofuata atayapanda chumbani. "Kaka, si migomba unayoifuata kule," Costansia alisema. Safari iliyofuata Rwegoshora hakununua kitu. Alikaa, akapewa kahawa ya kutafuna, akatafuna moja, akasema alichokuja kusema, na Kokwijuka akakubali kabla mgeni hajaimaliza ile kahawa mdomoni.

Mackrine hakulipenda jambo hili. "Mama, kwa umri huo, watu watasemaje?"

"Watasema wameshiba, maana nitawapikia."

Basi sasa bibi harusi huyo alikuwa amekaa kitandani kama sanamu, na habari zilikwisha kutoka. Jua halijakolea, majirani wakajaa. Mmoja alisema ameulalia mto vibaya, apashiwe jani la mgomba motoni akandwe nalo. Akakandwa, haikusaidia. Mwingine akasema ni upepo mbaya. Kisha akaja bibi mmoja anayesifika kwa kunyoosha viungo, amekwisha kujipaka samli viganjani.

"Nipeni kichwa," alisema. "Nakizungusha mara moja tu, kinalia ko! Basi, amepona."

Mtu mwingine angetikisa kichwa kukataa. Kokwijuka hakuweza, na yule bibi akauchukua utulivu ule kuwa ni idhini. Viganja vilikuwa vimeshagusa mashavu ndipo mgonjwa alipopaza sauti: "Mackrine! Mwondoe huyu kabla hajanipeleka kwa marehemu baba yako!"

Mchana homa ikaja. Mackrine alimgusa mama yake paji la uso, mkono ukarudi wenyewe. Akamwambia ajaribu kugusisha kidevu kifuani. Kidevu kilishuka kidogo, kikakwama. Hapo Mackrine alishtuka, kwa sababu shuleni kwao walishaelezwa kuhusu homa ya uti wa mgongo, na alikumbuka vizuri: homa, kichwa, shingo ngumu. Hakusubiri ushauri wa mtu. Alimpigia simu Polikarpi, mwenye gari dogo pale senta, wakamkalisha mgonjwa kiti cha nyuma wakaondoka kwenda hospitalini Kayanga.

Walipopita Omurushaka, watu waliomfahamu walimpungia mkono na kumshangilia bibi harusi. Kokwijuka alipita ametazama mbele, wima, bila kugeuka kulia wala kushoto.

"Mmh," alisema muuza vitunguu mmoja. "Uchumba umempa kiburi."

Hospitalini walipokelewa na Daktari Uwiduhaye, mwanamke wa makamo, mtoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa wa Kituntu, mwenye maneno machache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, naitikia ukuta. Wewe uko upande upi?"

Daktari akaja mbele yake. Alimwambia afungue kinywa. Kikafunguka chote. "Si pepopunda," daktari alinong'ona, kama anayejisemea. Akamwambia akaze mikono, asukume miguu, nguvu zilikuwepo. Akammulika macho; hayakuudhika. Akamwambia ashushe kidevu. Shingo iliuma lakini kidevu kilishuka kidogo. Akamwambia ageuke kulia. Hapo hakuna kilichosogea isipokuwa machozi.

"Umeanguka siku hizi? Umejitwika mzigo?"

"Hapana. Jana nilicheza tu baada ya ibada. Ninaolewa Jumamosi."

Daktari alimtazama Mackrine, akidhani homa imeshafika kichwani. Mackrine akainamisha uso. "Ni kweli, daktari. Anaolewa."

"Na bwana harusi ni mrefu," Kokwijuka aliongeza, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaangua kicheko.

"Mama," Daktari Uwiduhaye alisema, "mgonjwa wa uti wa mgongo kwa kawaida hanichekeshei wodi nzima. Lakini kicheko si kipimo. Nitakuchoma sindano mgongoni nichukue maji kidogo, na dawa ya kuua vijidudu tunaianza sasa hivi. Nikikosea, afadhali nikosee upande huo."

Maji yalitoka meupe kama ya chemchemi. Maabara ikarudisha jibu kwamba hayana dalili ya vijidudu. Malaria hakuna. Lakini damu ilionyesha kwamba mahali fulani mwilini kuna moto unawaka, na asubuhi ya Jumanne homa ilikuwa bado ipo na shingo ni ile ile. Daktari alisimama miguuni mwa kitanda akigonga kalamu kidevuni. Uti wa mgongo sio. Pepopunda sio. Sasa ni nini?

Wakati huo Mackrine alikuwa nje akipiga simu Kibingo. Rwegoshora alikuwa ameiacha simu nyumbani alipokwenda kwa fundi, kwa hiyo aliyepokea ni Costansia. Mawasiliano yalikuwa ya kukatika katika. Mackrine alisema, "Mama hawezi kugeuka." Maneno yaliyovuka milima yakafika Kibingo yalikuwa mawili tu: mama, na kugeuka.

Costansia alishika kiuno. Akapanda pikipiki hadi kwa fundi, senta ya Nkwenda, akamkuta kaka yake amesimama juu ya kigoda akipimwa koti la harusi.

"Shuka," alimwambia. "Mwenzako amegeuka."

"Amegeukaje?"

"Amegeuka, kaka. Binti yake amenipigia mwenyewe."

Rwegoshora hakushuka kwenye kigoda, aliruka. Fundi alimfuata hadi barabarani akipiga kelele kuwa koti bado, lakini mzee alikwisha kukaa nyuma ya mwenye bodaboda, na kwa kuwa Novemba ile mvua zilikuwa zimechachamaa, alifika Kayanga ametapakaa tope jekundu hadi masikioni. Nyumbani Nyaishozi alikopitia kwanza walimwambia bibi harusi yuko hospitalini. Ndiyo, ni mgonjwa, walimwambia, lakini yeye alikuwa na neno moja tu kichwani.

Aliingia wodini amevaa koti jeusi lenye mkono mmoja. Upande wa pili ulikuwa shati tu, na nyuzi nyeupe za kushikiza zinaning'inia begani. Akasimama mbele ya kitanda, kofia mkononi.

"Mama Mackrine," alisema. "Nimeambiwa umegeuka."

Kokwijuka alimtazama kuanzia kofia, akateremka hadi kwenye ule mkono usiokuwepo.

"Baba Novatus," alijibu, "kugeuka ndiko kulikonishinda!"

Ilichukua muda mfupi watu kuelewa. Kisha wodi nzima ililipuka. Muuguzi aliyekuwa akibeba trei aliiweka chini kwanza ndipo acheke. Kokwijuka mwenyewe alicheka na kulia kwa pamoja, "Ai! Ai shingo yangu! Mwondoeni huyu mwanamume! Hapana, msimwondoe!" Naye Rwegoshora, alipoelewa, alijibwaga ukingoni mwa kitanda, akafunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia.

Daktari Uwiduhaye alikuta hali hiyo aliporudi. Alisubiri kelele zipungue, kisha akauliza swali alilokuwa akilizungusha kichwani tangu asubuhi.

"Mama, kiungo kingine chochote kimewahi kukusumbua namna hii? Ghafla, kikavimba, kikawa cha moto?"

"Hapana," alisema Kokwijuka.

"Goti," alisema Rwegoshora.

"Lile lilipona."

"Mwaka jana, wakati wa mavuno ya kahawa," Rwegoshora alimweleza daktari. "Nilikuja nikamkuta hatembei. Goti limeumuka kama andazi. Siku chache tu, likapoa lenyewe. Na kifundo cha mkono hapo kabla."

"Hilo la mkono nilikueleza kwa siri," alisema Kokwijuka.

Daktari alikuwa ameacha kugonga kalamu. Aliagiza goti lipigwe picha, na picha ilipotoka aliipandisha kwenye taa, akaisogelea hadi pua ikakaribia kuigusa. Kati ya mifupa miwili, kwenye gegedu, mto laini wa kiungo ambao kwa kawaida hauonekani kabisa, palikuwa na mstari mwembamba mweupe, kama uzi uliolazwa na mshonaji.

Alirudi akavuta kiti, akakaa pale ambapo Kokwijuka angeweza kumwona bila kuhangaika.

"Huu uzi mweupe ni kalsiamu," alisema. "Fuwele ndogo ndogo, kama chembe za chumvi. Zinajijenga kwenye viungo vya watu wengi wakishakuwa watu wazima, na kwa kawaida zinakaa kimya, mtu hajui kama anazo. Ila siku moja zinachokozeka, mwili unazishambulia kama unavyomshambulia adui. Zikiwa gotini, goti linavimba. Zikiwa juu kabisa shingoni, inakuja homa, shingo inakaza, na sisi sote tunakimbilia kusema ni uti wa mgongo."

"Kwa hiyo ndiyo hiyo?" Mackrine aliuliza.

"Nafikiri. Sijathibitisha. Ugonjwa huu nimeuona mara moja tu, nikiwa masomoni, na siku ile hata walimu wangu walikosea mwanzoni. Ipo dawa inayozima moto huo upesi. Lakini ikiwa kumbe kuna usaha, au kifua kikuu cha mifupa, kwa dawa hiyo nitakuwa nimeumwagia moto mafuta. Siwezi kumpa mama yako kitu hicho kwa kubahatisha. Tuone kwanza kwa macho. Inahitajika picha ya CT, Bukoba."

Akamvisha kola ya shingo, pana, ya sponji, na Jumatano asubuhi gari la Polikarpi likaelekea Bukoba.

Mackrine alikaa nyuma na mama yake, Rwegoshora mbele kwa dereva. Hawakuwa wamefika mbali Kokwijuka aliposema, "Namwona kisogo tu."

"Nani?"

"Huyu. Siku tatu bila kuonana, jana ameletwa na tope, leo napewa kisogo."

Rwegoshora aligeuka mzimamzima. Akapiga magoti juu ya kiti, akaukumbatia mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akamwelekea mchumba wake uso kwa uso, wakaanza kuzungumza. Walizungumza habari za senene, kwamba mwaka huu wamechelewa, na za mchungaji ambaye hawezi kulitamka jina la Rwegoshora bila kukohoa. Mackrine alitazama nje ya dirisha na kujifanya hasikii. Walivuka vilima na mabonde hivyo hivyo, mzee amepiga magoti kama anaungama, mpaka karibu na Kyaka, ambapo askari wa barabarani alisimamisha gari.

Askari aliinama dirishani. Aliutazama mgongo wa Rwegoshora kwa muda.

"Mzee, shikamoo. Hapo unafanya nini?"

"Marahaba, afande. Mchumba wangu hawezi kugeuka, kwa hiyo nimegeuka mimi."

Askari alizunguka, akachungulia nyuma. Akaiona kola, akamwona bibi aliyekaa wima akitabasamu kwa macho tu. Alijitahidi kuukaza uso wa kazi, uso ukamponyoka. "Harusi lini?"

"Jumamosi, mwanangu. Karibu."

"Nashukuru, bibi. Lakini mzee akae, afunge mkanda. Sitaki harusi igeuke msiba."

Basi wakapanga upya. Mackrine alihamia mbele, Rwegoshora akaja nyuma, akafunga mkanda, akawa kando ya mchumba wake kabisa, na bado Kokwijuka hakuweza kumwona. Gari likaendelea. Mto Kagera ulionekana bondeni, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Kisha Mackrine alifungua mkoba wake, akatoa kioo kidogo cha kujipodolea, akanyoosha mkono nyuma.

Kokwijuka alikipokea, akakiinua, akakipinda kidogo kushoto. Katika duara lile dogo ikatokea sikio moja la Rwegoshora, kisha shavu, kisha jicho linalomtazama.

"Nimekuona," alisema.

"Na mimi," alijibu yule wa kwenye kioo. "Koku."

Hakuwahi kumwita hivyo. Hakuna aliyemwita hivyo tangu alipokuwa msichana. Mbele, Mackrine alianza kucheka taratibu, kicheko kilichoanzia puani, kikateremka tumboni, hadi akaegemea mlango akishika mbavu. "Mungu wangu," alisema akifuta macho, "mtanifanya nini ninyi wazee?" Polikarpi alicheka kwa sababu Mackrine anacheka, na gari lote likaingia Bukoba linatikisika.

Picha yenyewe haikuchukua muda. Kokwijuka alilazwa kwenye kitanda chembamba, kikamwingiza ndani ya duara kubwa jeupe lililovuma kama nyuki, akatolewa. Baadaye daktari wa picha, mzee mwenye miwani, aliwaita wote watatu mbele ya kompyuta.

"Hapa ni shingo yako, mama, imekatwa kama mkate ili tuone ndani. Huu ni mfupa wa pili kutoka juu. Unaona una kijiti kimesimama, kama jino? Kichwa kikigeuka, kinazungukia hapo. Sasa tazameni juu ya jino."

Walitazama. Juu ya ule mfupa, ukiizunguka ncha yake, ulikuwepo upinde mweupe uliong'aa.

"Hiyo ndiyo kalsiamu. Hakuna mfupa uliovunjika. Hakuna usaha, hakuna dalili ya kifua kikuu. Na sisi madaktari, ugonjwa huu tunauita kwa jinsi unavyoonekana. Tunasema jino limevaa taji."

Kokwijuka aliishika kola yake.

"Taji?" alisema Kokwijuka.

"Taji."

"Mackrine, umesikia? Wiki nzima unaniuliza nitavaa nini kichwani!"

Daktari wa picha alivua miwani akaifuta, maana hakuelezwa habari za harusi, na sasa watu watatu walikuwa wakimweleza kwa pamoja. Alipokwisha kuelewa alimpigia simu Daktari Uwiduhaye, na mwanamke yule mwenye maneno machache alipiga kigelegele ambacho kila mtu chumbani alikisikia. "Nilijua!" sauti ilisema. "Yaani sikujua, nilihisi. Sasa ndiyo nimejua!" Kisha akakohoa, akarudi kwenye sauti yake ya kazi, akaagiza dawa za vijidudu zisimamishwe, waanze vidonge vya prednisoloni, ile dawa ya kuzima moto, baada ya kula, sukari ya mgonjwa ipimwe, na warudi Kayanga taratibu.

Alhamisi Kokwijuka aliamka kitandani hospitalini na kwa muda hakujua ni nini kimepungua. Homa. Homa haikuwepo. Maumivu yalikuwepo, lakini mbali, kama ngoma inayopigwa kijiji kingine. Alijaribu, kwa woga, kugeuka kushoto. Shingo ikafikiri kwanza, ikasogea kidogo, ikasogea tena. Akamwona mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa akipiga naye soga tangu Jumatatu.

"Kumbe wewe ni msichana!" alishangaa Kokwijuka. "Kwa hekima yako nilidhani tu marika!"

Siku hiyo hiyo Costansia alifika kutoka Kibingo, amebeba kapu la ndizi mbivu na uso wa mtu aliyejiandaa kwa maneno. Alisimama mbele ya kitanda.

"Wifi, mimi ndiye niliyesema umegeuka."

"Nimesikia."

"Simu ilikuwa inakatakata."

"Kama si wewe, kaka yako asingekuja mbio, na nani angesema habari za goti langu?" Kokwijuka aliupapasa ukingo wa kitanda. "Kaa hapa. Mimi binafsi nilikwisha kulisahau."

Costansia alikaa. Alisema labda harusi isogezwe mbele, watu wataelewa, hata mchungaji ataelewa. Mackrine, aliyekuwa akikunja nguo, ndiye aliyejibu. "Hapana, shangazi. Haisogezwi." Kisha akaona wote wanamtazama, akaendelea kukunja nguo ile ile iliyokwisha kukunjwa. "Nilikuwa naogopa," alisema. "Si watu. Nilikuwa naogopa nikija likizo nitakuta nyumba imefungwa, mama yuko Kibingo kwa watu nisiowajua. Jana kwenye gari nimewajua."

Kokwijuka alinyoosha mkono, na Mackrine akaja akaushika.

Daktari Uwiduhaye aliombwa uamuzi. Alimpima tena, akamwangalia anavyogeuka robo ya njia bila kukunja uso, akatabasamu. Fuwele hazijaondoka, alisema, na huenda siku nyingine zikachokozeka tena. Ikitokea, aje upesi na asimpe mtu yeyote kichwa akizungushe. Lakini moto umeshuka. Ijumaa ataruhusiwa. Kola avae, vidonge amalizie kama alivyoelekezwa, asibebe kitu.

"Na kucheza?"

"Miguu ruhusa. Shingo hapana."

Ijumaa jioni Costansia aliichukua ile kola ya sponji akaishonea lesi iliyobaki kwenye shela, mshono juu ya mshono, na Jumamosi bibi harusi aliingia kanisani Nyaishozi na kitu shingoni ambacho wanawake wa kiti cha mbele walikitazama kwa wivu, na mmoja akamnong'oneza mwenziwe amuulize inauzwa wapi. Rwegoshora alikuwa na mikono yote miwili ya koti. Mchungaji alikohoa kwenye jina lake kama ilivyotarajiwa. Vigelegele vilianza kabla hajamaliza kuwatangaza mume na mke, na aliyeanzisha ni Mackrine.

Walikula, wakanywa, wakacheza. Kokwijuka alicheza kwa miguu na mabega, kichwa kimetulia juu kama cha korongo. Daktari Uwiduhaye alikuja, akakaa pembeni akimchunga kama mwizi, mpaka alipovutwa na Costansia kwenye duara, na hapo uangalizi ukaisha.

Alasiri mvua ikanyesha wakati gari la Polikarpi, limepambwa kwa maua ya karatasi, lilipokuwa likiwapeleka maharusi Kibingo na gari la wasindikizaji likiwafuata. Kwenye kilima kimoja kabla ya Nkwenda barabara iligeuka uji. Gari lilipanda nusu, likafikiri, likarudi nyuma polepole kama ng'ombe asiyetaka zizi. Watu wote wakateremka. Rwegoshora alivua koti, akalikunja vizuri akaliweka kitini, akavua viatu, akaenda kusukuma. Mackrine alifunga gauni kiunoni. Mchungaji alipandisha suruali. Daktari alipochungulia ndani alimkuta Kokwijuka ameshaweka mkono kwenye kitasa.

"Wewe hapana," daktari alimwambia. "Kaa kama malkia."

Kwa hiyo bibi harusi alibaki ndani ya gari na Polikarpi tu, na gari likanguruma, magurudumu yakazunguka, tope likaruka kwa kishindo, na nyuma yake zikasikika kelele, kisha vicheko, kisha mlio wa mtu aliyeanguka. Kokwijuka alishusha kioo. Akatoa kichwa mvuani, akageuka nyuma kabisa, kola ikabonyea, kidevu juu ya bega.

Mume wake alikuwa ameketi kwenye tope, miguu imenyooka mbele, shati jeupe limekuwa jekundu, na anacheka hadi hawezi kuinuka. Costansia alikuwa akimvuta mkono, naye akateleza, akakaa kando yake.

"Sukumeni!" Kokwijuka aliwapigia kelele. "Sukumeni, jamani, mimi ni mgeni Kibingo, mnanichelewesha!"

"Mama!" Mackrine alisimama katikati ya barabara, mikono yote miwili mdomoni. "Mama, umegeuka!"

Kokwijuka alijigusa lesi shingoni. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni. Akajaribu tena, mbele, akarudi nyuma, taratibu, na kila alikogeuka paliuma kidogo tu, na kila alikogeuka palikuwa na mtu wake aliyepakaa tope.

Polikarpi akakanyaga mafuta.